Kabla Hujaenda Kuikagua Gari ya Mtu, Pita Kwanza Kariakoo

Haya walimu, habari za jioni, na wale wakubwa zangu shikamooni. Mwenyekiti wenu kaniambia kuna watu watano humu ndani wanachukua mkopo wa kikundi mwezi ujao wanunue gari mkononi, yaani kwa mtu mwenyewe, sio yadi wala kuagiza Japani. Mimi sina slaidi, mimi ni fundi, nimekuja na tochi, kitambaa cheupe na sumaku niliyoibandua kwenye friji nyumbani, na mke wangu ameshaulizia iko wapi.

Nianze na hili la bei kwa sababu ndo mnalolisubiri. Wengi wenu mkienda kuona gari mnamwachia fundi akague, alafu yakija maongezi mnabaki na mdomo mtupu, "kaka punguza bwana, mwisho ngapi?" na muuzaji anakupunguzia laki tatu ambazo alishazipandisha mwenyewe toka anaweka tangazo, wewe unarudi nyumbani unajisifu. Gari inashuka bei kwa kitu ulichokiona, ambacho unajua kinauzwa shilingi ngapi, na yeye kakuona unakiona. Kwa hiyo kabla ya yote shuka Kariakoo, Gerezani pale kwenye maduka ya spea, uliza shokapu za gari unayoitaka, tairi, kompresa ya ac, taa ya mbele, andika kwenye simu. Hiyo orodha ndo itakuongelea.

Nachukua Toyota IST kwa sababu najua nusu yenu mnaitaka hiyo hiyo. IST ile ya kwanza, ya 2002 mpaka 2007, inakuja na injini ya 2NZ cc 1300 au 1NZ cc 1500, na zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, hazina timing belt kabisa. Sasa kuna wauzaji wanakwambia kwa kujiamini kabisa, "timing belt nimebadilisha juzi tu, hiyo hutagusa miaka". Belt ipi tena baba? Hapo usimbishie, wewe itikia tu, ila ujue mengine yote aliyokwambia kuhusu sevisi uyapime kwa mzani huo huo.

Mpigie muuzaji jana yake umwambie naomba usiiwashe mpaka nifike. Ukifika, salamu haijaisha weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto atasema nilikuwa naiosha, nilimpeleka mtoto, sawa, lakini injini ya moto inaficha mambo, inaficha kuwaka kwa shida, inaficha moshi wa bluu wa asubuhi, inaficha ule mlio wa cheni wa sekunde za kwanza, kwa hiyo mwambie utarudi kesho saa 12 asubuhi. Kama ni ya baridi, fungua swichi bila kuwasha, angalia dashibodi, taa ya check engine lazima iwake pale alafu izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa kuna mtu kaitoa balbu au kaipiga plasta nyeusi kwa nyuma, nimezikuta zote mbili.

Moshi mnaujua, bluu inakula oili, mweusi inakula mafuta, mweupe usiokata hata injini ikishapata moto ni maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu kama uji wa maziwa kwa chini, funga, aga. Giaboksi, chomoa kijiti cha ATF, yaani oili ya giaboksi ya automatiki, paka kwenye kitambaa cheupe, ikiwa nyeusi na inanukia kuungua na ukiweka D gari inagonga kama imepigwa teke, hapo mimi hata bei sitaji.

Ila kitu nachotaka mkitoke nacho leo ni mkanda wa siti. Dar hii masika inajaza maji, Jangwani mnaijua, na gari ikishaogelea inakaushwa, inapigwa poda, inauzwa. Nilimsindikiza mama mmoja kwenda kuangalia gari Tabata, safi, siti zinanukia pafyumu mpaka kichwa kinauma, na hiyo pafyumu ndo ilinishtua. Nikakaa siti ya nyuma nikauvuta mkanda wote mpaka mwisho wake, taratibu, sio ile sehemu unayofunga kila siku. Kipande cha mwisho kilikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa rula, juu yake mkanda mweusi chini yake rangi ya udongo. Nikamulika reli za siti na tochi, kutu. Muuzaji alikuwa anatuangalia kupitia dirishani, hakuuliza tumeona nini, sisi hatukusema. Tukapanda bajaji.

Sumaku, haraka tu, pitisha mlangoni na kwenye mapaja ya gari juu ya tairi, ikikataa kushika hapo kuna puti, ile dongo ya kuzibia mabonyeo, chini ya rangi. Rangi tu sio kosa, kila gari ya Dar imekwaruzwa na bodaboda. Kosa ni ikiwa puti imefika mpaka kwenye nguzo zinazoshika paa.

Turudi kwenye maongezi. Mwaka huu huu nimeenda na kijana, IST namba D, yaani herufi za usajili zinaanza na D, mwenyewe anataka milioni 9 na nusu. Injini nzuri, giaboksi nzuri, nikafurahi, ila sikuonyesha. Tairi mbili za mbele zimeandikwa 1416, ile namba ya tarakimu nne ubavuni, maana yake wiki ya 14 mwaka 2016, alafu zimeliwa upande wa ndani, na shokapu za mbele zinavuja, na ac inapuliza joto. Hesabu yetu ya Kariakoo pamoja na ufundi laki 8 na nusu. Kijana akataka kuanza "gari yako mbovu", nikamkanyaga mguu. Jamani, mtu anayeuza gari yake mwenyewe sio mfanyabiashara, hiyo gari imempeleka mke wake leba, ukiitukana atakatalia bei kwa hasira hata kama anashida na hela. Nikamwambia kaka gari umeitunza, injini hii inaonyesha, ila vitu hivi vitatu kijana atavinunua Jumatatu, tazama bei zenyewe, sisi tuna milioni 8 na laki 2, benki leo leo. Alafu nikanyamaza, na kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote maana kijana alikuwa anataka kuongeza mwenyewe. Jamaa akazunguka gari, akapiga teke tairi, akasema leta 8 na laki 6. Tukamalizia hapo.

Kukiwa na dalali, ongea bei na mwenye gari, dalali ana cha juu chake humo ndani na hawezi kukikata.

Makaratasi. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayepokea hela, namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye bodi, uisome kwa macho yako. Angalia madeni ya trafiki na ya paking kwa namba ya gari. Mkataba mbele ya wakili, transfa TRA usiiache "tutafanya wiki ijayo". Mimi mwenyewe fundi nilinunua gari ya "marehemu kaka yangu", kumbe hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, shangazi akajitokeza na kadi original, nilikaa na gari miezi 7 naiangalia tu uani, kuku wanataga chini yake.

Ndio, mwalimu pale nyuma? Akikataa gari isiende gereji? Anakataa, unamshukuru, unapanda daladala.

Haya, na ile IST ya bluu hapo nje ni ya nani humu? Maana wakati naingia nimeiona tairi ya mbele kushoto, imeliwa ndani mpaka waya zinachungulia.