Nauli Si Mchango

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Ndugu zangu wa Kigoma, hamjambo.

Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye daftari la kamati ya harusi. Niliwahi kuwa mhazini wa harusi ya binamu yangu, hapo Ujiji. Jamaa yetu mmoja aliahidi laki mbili. Siku ya kufunga hesabu akaja na karatasi aliyoikunja mara nne. Nauli ya treni kutoka Tabora, yeye na mkewe. Shati jipya. Viatu vya watoto. Chakula cha wageni waliofikia kwake. Akajumlisha mbele yangu, kwa kalamu yangu, ikafika laki mbili kasoro elfu tatu. Akatoa elfu tatu mfukoni: "Mhazini, nimemaliza." Hakusema uongo. Fedha alikuwa ameitumia kweli, na bila harusi ile asingeitumia. Lakini mpishi alikuwa mlangoni anadai hela ya mchele, na karatasi ile haikununua hata kilo moja.

Nchi tajiri nazo hujaza daftari lao la misaada hivyohivyo. Hutunzwa Paris, na kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri. Maana ya msaada waliiweka 1969, wakaikaza 1972: fedha ya serikali, shabaha yake kuu iwe maendeleo na ustawi wa nchi zinazoendelea. Lengo mnalijua: kila nchi tajiri itoe msaada wa asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Sasa daftari hilohilo linamruhusu mfadhili kuandika gharama za mkimbizi aliyemhifadhi nchini kwake mwenyewe, kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka 2023 gharama hizo zilifika karibu dola bilioni 31, takribani asilimia 14 ya msaada wote. Uingereza peke yake iliandika pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wake, na sehemu kubwa ilikuwa kodi ya hoteli. Hoteli za Uingereza, jamani! Na fungu ni lilelile, lililokwisha kushushwa mwaka 2021 kutoka 0.7 hadi 0.5. Kitanda kikilipiwa kule, kuna zahanati huku imekosa dawa.

Kuna atakayeniuliza: kwa hiyo mkimbizi aliyefika London alale njaa? Hata kidogo! Alishwe, alazwe, wanawe wasome. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 1996 boti zilipokuwa zinatua kutoka Kongo, mama yangu alitoa sufuria ya misiba, ile inayobebwa na watu wawili, akasonga ugali wa muhogo, akagawa na dagaa mpaka gunia likabaki vumbi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo na haijafungwa mpaka leo. Mama hakuandika popote kwamba ameisaidia Kongo kimaendeleo. Alipokea wageni. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unaidai hivyo kila nchi iliyojiunga nao, tajiri au maskini. Kumpokea aliyebisha hodi kwako ni wajibu wako, nao una heshima yake kubwa. Uandikie safu yake, uweke na jumla yake. Usiuchanganye na fedha ya kisima cha Kasulu.

Wengine husema daftari ni lao, wajaze watakavyo. Sikubali. Ahadi ya hiyo 0.7 waliitoa kwetu, mbele ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1970.

Mengine niyapitie mbiombio. Chanjo za korona zilizowabakia mwaka 2021, wakazigawa, waliruhusiwa kuziandika dola 6.72 kila dozi, ingawa walizinunua kwa ajili ya watu wao. Gharama za wanafunzi wetu kwenye vyuo vyao nazo zimo, hata kama mwanafunzi hakurudi. Mikopo... mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, mikopo tuiache.

Naona mzee kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Nyarugusu. Mpelekeeni kipaza sauti.