Chama cha maktaba kinampa nini mwanachama: mhadhara kwa wakutubi wapya

Ndugu wakutubi, wasaidizi wa maktaba, walimu mnaosimamia maktaba za shule, nanyi mnaojitolea: karibuni, na asanteni kwa kufika.

Kila anayekabidhiwa fomu ya kujiunga na chama cha maktaba huuliza: nikilipa ada, napata nini? Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa vitendo. Chama kina thamani pale kinapofanya kazi ambazo maktaba moja haiziwezi peke yake. Kama kazi yake yote ni mkutano mkuu wa mwaka na picha ya pamoja, mwanachama ana haki ya kudai zaidi.

Mwezi wa Oktoba 1876, watu 103 walikusanyika Philadelphia, na mkutano huo ndio ulioanzisha Chama cha Maktaba cha Marekani. Melvil Dewey, ambaye mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba ulichapishwa mwaka huohuo, alikuwa miongoni mwa waasisi. Lengo lao lilikuwa la kawaida kabisa: kumwezesha mkutubi afanye kazi yake kwa wepesi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Kipimo hicho bado kinafaa. Tukipitia shughuli za chama leo, tuulize kila mara kama zinampunguzia mkutubi mzigo.

Nianze na katalogi ya pamoja, kwa sababu bila hiyo mengine mengi hayaendi. Kila maktaba mwanachama hutoa orodha ya vitabu vyake, orodha zikaunganishwa, na msomaji akaweza kujua kitabu anachokitaka kiko wapi hata kama hakipo kwenye rafu za maktaba yake. Ukiisikia hivi, unaona ni kazi ya kumwaga majedwali kumi ndani ya moja. Fanya hivyo, na kitabu kimoja kitaonekana mara nne kama vitabu vinne tofauti.

Sababu ya kwanza ni namba za ISBN, yaani namba za kimataifa za kutambulisha vitabu. Mpaka mwisho wa 2006 namba hiyo ilikuwa na tarakimu 10; tangu Januari 2007 zimekuwa 13. Maktaba moja imeandika namba fupi kutoka ukurasa wa ndani, nyingine imesoma msimbo pau wa nyuma wenye namba ndefu, na kompyuta haitambui kwamba ni kitabu kilekile. Wengi hudhani dawa ni kubandika 978 mbele ya namba ya zamani. Haitoshi, maana tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na lazima ikokotolewe upya. Chukua 0-306-40615-2. Ondoa ile 2 ya mwisho, tanguliza 978, upate tarakimu 12. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Hapa jumla ni 93. Kinachopungua kufikia 100, namba inayofuata inayogawanyika kwa 10, ni 7, kwa hiyo namba mpya inaishia na 7: 978-0-306-40615-7. Jumla ikiwa tayari inagawanyika kwa 10, tarakimu ya mwisho ni 0. Kanuni hii huingizwa mara moja kwenye jedwali, nalo likageuza maelfu ya namba. Jambo moja la kuangalia: namba fupi ikiishia na X, hiyo ni tarakimu halali yenye thamani ya 10. Msiifute mkidhani ni kosa la uchapaji.

Sababu ya pili ni majina ya waandishi. Mmoja ameanza na jina la ukoo, mwingine na jina la kwanza, wa tatu ameweka herufi za mwanzo tu. Hapa hakuna hesabu ya kutuokoa. Lazima kamati ikae, ikubaliane namna moja ya kuandika, na iweke orodha ya majina yaliyokubaliwa ambayo kila mwanachama anaifuata. Ni kazi ya kuchosha na haina shangwe. Hata hivyo, mkutubi mpya akiniuliza aanzie kamati gani, nitamwelekeza hii, kwa sababu atatoka akijua uorodheshaji kuliko aliyehudhuria semina tatu.

Katalogi ikisimama, maktaba zinaweza kuazimana vitabu. Ombi zuri lina jina la mwandishi, jina la kitabu, toleo, mwaka, ISBN, na tarehe ambayo msomaji hatakihitaji tena. Toleo ndilo husahauliwa zaidi: mwanafunzi wa sheria aliyeomba toleo la nne akiletewa la pili, kitabu kimesafiri bure. Jambo la pili linaloleta ugomvi ni siku za kuazima. Zinahesabiwa tangu kitabu kilipotumwa au tangu kilipopokelewa? Mkataba wa wanachama lazima useme. Ushauri wangu ni kuhesabu tangu kupokelewa, vinginevyo maktaba iliyo mbali hupoteza nusu ya muda njiani. La tatu ni upotevu. Maktaba iliyoomba ndiyo inayowajibika kwa kitabu tangu kinapotoka mlangoni mwa mwenyewe hadi kinaporudi, na njia ya kulipa iandikwe kabla kitabu chochote hakijapotea. Kuijadili baada ya kupotea ni kuvunja urafiki wa maktaba mbili.

Sasa warsha ya kutengeneza vitabu. Hii ndiyo shughuli ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye faida ya haraka, kwa sababu mtu anajifunza asubuhi na jioni anaokoa kitabu.

Adui wa kwanza katika maktaba nyingi ni utepe wa gundi unaong'aa. Unashika vizuri siku ile. Baada ya miaka kadhaa gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka njano au kahawia, plastiki hubanduka yenyewe, na doa linabaki. Kuuondoa kunahitaji fundi mwenye kemikali. Ukurasa uliochanika hutengenezwa kwa karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, ile ya Kijapani ndiyo bora, na gundi ya wanga wa ngano. Changanya sehemu 1 ya wanga na sehemu 4 au 5 za maji, pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30, mpaka uji uwe mzito na uanze kupenyeza mwanga. Upoe, uuchuje kwenye kichujio chenye matundu madogo, halafu uulainishe kwa maji kidogo kidogo hadi ufanane na mtindi. Hudumu siku chache tu. Ukianza kunuka au kutoa maji, mwaga.

Kipande cha kuzibia kisikatwe kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi yenye maji, kisha kivute kwa vidole ili kingo zibaki na nyuzi zilizotawanyika. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika, na ukingo ulionyooka wa mkasi huacha mstari ambao karatasi itakunjika na kuchanika tena. Paka gundi kiasi, weka kipande juu ya mchaniko, funika pande zote mbili kwa karatasi isiyoshika gundi, ongeza karatasi ya kunyonya maji, kisha uzito juu. Baada ya dakika chache badilisha karatasi ya kunyonya. Ukurasa ukijikunja baada ya kukauka, ama maji yalizidi au uliondolewa kwenye uzito mapema.

Jalada linalolegea kwenye kiungio, huku kurasa bado zimeshikana, halihitaji kufumuliwa. Chovya sindano nyembamba ya kufumia sweta kwenye gundi nyeupe ya wafunga vitabu, ipenyeze juu ya kiungio kati ya jalada na mgongo, izungushe huku ukiitoa. Rudia upande wa chini. Futa iliyozidi, weka karatasi ya nta kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, bana kiungio kwa kitu butu, acha chini ya uzito usiku kucha. Kosa la wanaoanza ni gundi kuwa nyingi, na asubuhi kitabu hakifunguki.

Warsha hiyohiyo hufundisha kupokea vitabu vya msaada. Sanduku lenye dalili za wadudu lisiingie chumba cha rafu. Vitabu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, hewa ikatolewa kadiri inavyowezekana, vikakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Vikitoka, mfuko usifunguliwe hadi vifikie joto la chumba, karibu siku nzima, la sivyo mvuke wa hewani hugeuka maji juu ya karatasi na umeleta ukungu mahali ulipoua wadudu. Friza moja ya chama inatosha maktaba nyingi, na hakuna maktaba ndogo ingeinunua peke yake.

Lipo pia suala la wasomaji wasioona au wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2016, unaziwezesha taasisi zinazokubalika katika nchi wanachama kutengeneza nakala za breli, za sauti au za kidijitali bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Maktaba nyingi zina haki hii na haziitumii, kwa sababu hakuna aliyewaeleza utaratibu. Chama kinachochunguza sheria ya nchi yake, kikaandaa fomu moja na kuweka orodha ya nakala zilizokwisha tengenezwa, kinazuia maktaba mbili kurekodi kitabu kilekile kwa saa nyingi.

Mikutano ya mwaka sitaikalia. Nendeni, sikilizeni, salimianeni.

Ulezi wa kikazi una uzito zaidi. Mkutubi mpya huunganishwa na mzoefu kwa miezi sita hadi tisa, wakikutana mara moja kwa mwezi, na kikao cha kwanza kiishe na malengo mawili au matatu yaliyoandikwa. Mlezi asiwe bosi wa anayelelewa. Mtu hawezi kusema "sijui kuainisha ramani" mbele ya anayempandisha cheo.

Na kuna ruzuku ndogo. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu yameandika "tunahitaji vitabu" yakaishia hapo. Andika wasomaji ni nani, ni vitabu vingapi na vya somo gani, nani atavikatalogi na kwa muda gani, na maktaba itajuaje baada ya miezi sita kama vinaazimwa. Weka kwenye bajeti usafiri, majalada ya plastiki na lebo. Vitu hivyo vidogo visipohesabiwa, vitabu hukaa kwenye maboksi mwaka mzima.

Mwanachama mpya achague kamati moja mwaka wa kwanza, si tatu. Anayeingia katalogi ya pamoja aje kikao cha kwanza na orodha ya maktaba yake kwenye faili moja, safu ya ISBN ikiwa imewekwa kama maandishi, si kama namba, ili sifuri za mwanzo zisipotee.