Kocha Anayekabidhiwa Timu Asiyoilea: Mhadhara juu ya Bora Milutinović kwa Makocha wa Mwanza

Ndugu makocha, walimu wa michezo wa shule, waamuzi, na wazee wa timu mliovuka maji kutoka Ukerewe na Sengerema, habari za asubuhi. Hapo nyuma mnanisikia? Haya. Wenye madaftari andikeni hasa namba, maana leo namba ndizo zitakazozungumza.

Mada ni kocha mmoja, Bora Milutinović. Mserbia, amezaliwa mwaka 1944 katika iliyokuwa Yugoslavia, mdogo wa Miloš aliyeichezea nchi hiyo Kombe la Dunia. Yeye mwenyewe alicheza Partizan, akaenda Ufaransa na Uswisi, akamalizia Mexico kwenye klabu ya Pumas, na hapo hapo akaanza ukocha. Wapo waliozunguka nchi nyingi kumzidi. Rudi Gutendorf, yule Mjerumani aliyepita hata kwa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, mwaka 1981, alifundisha mabara yote mpaka visiwa vya Pasifiki. Lakini Bora ana jambo lake: fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo, kila moja na nchi nyingine. Mexico 1986, Costa Rica 1990, Marekani 1994, Nigeria 1998, China 2002. Nne za kwanza zote zilivuka makundi.

Kwa nini tumzungumzie hapa Mwanza? Kwa sababu tatizo lake ndilo la mwalimu wa Umisseta, michezo ya shule za sekondari. Unapewa vijana ambao hukuwalea, kila mmoja na mazoea ya shule yake, kambi ni siku 10 au 14, halafu unaambiwa leta kombe. Mambo ni yale yale kwa anayeitwa kuokoa timu ya mtaa wiki mbili kabla ya mashindano ya kugombea mbuzi. Swali la leo ni hili: muda mfupi unaweza kukupa nini, na nini hauwezi kukupa hata ukiwa na akili kama ya Bora?

Tuanze na hesabu. Katika fainali hizo tano alicheza mechi 20. Alishinda 8, sare 3, akapoteza 9, ikiwa ile ya Mexico na Ujerumani Magharibi, iliyokwenda penalti, tunaihesabu sare. Alifunga mabao 19 na kufungwa 30. Ukizitazama hivyo ni namba za kawaida kabisa. Zigawe nchi kwa nchi. Mexico, aliyokaa nayo takriban miaka mitatu kabla ya fainali, iliruhusu mabao 2 tu katika mechi 5. Marekani, aliyokaa nayo miaka mitatu pia, iliruhusu 4 katika mechi 4, na hakuna mechi iliyofungwa zaidi ya bao moja. Costa Rica, aliyoipokea miezi michache kabla ya fainali, iliruhusu 6. Nigeria, aliyoichukua baada ya Philippe Troussier kuifuzisha na kuondolewa, iliruhusu 9.

Sasa zigawe tena hizo mbili za mwisho. Costa Rica: mechi tatu za makundi mabao 2, mechi ya nne mabao 4. Nigeria: mechi mbili za kwanza mabao 2, mbili zilizofuata mabao 7. Mnaona mpasuko ulipo? Kwa muda mfupi unatengeneza wachezaji 11 wanaoelewana. Benchi hulitengenezi. Mechi mbili tatu wale 11 wanakubeba, kisha mmoja anaumia au unawapumzisha kidogo, na ukuta wote unaonekana ulikuwa umeegemea nini.

Costa Rica ndiyo darasa lenyewe, tukae hapo. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika fainali, na aliyewafikisha ni kocha mzawa, Marvin Rodríguez. Bora alipofika aliacha majina yaliyozoeleka na magazeti ya kwao yakamchachamalia, kama wachambuzi wetu wa redio wanavyofanya kikosi kikitangazwa. Akapanga mabeki watano, nahodha Róger Flores akicheza beki wa mwisho nyuma ya wenzake, na golini Gabelo Conejo. Tarehe 11 Juni, Genoa, wakaifunga Scotland 1-0, bao la Cayasso dakika ya 49. Brazil ikawafunga 1-0 tu, Turin. Siku hiyo Costa Rica walivaa jezi za mistari myeusi na myeupe, na Turin ni mji wa Juventus wenye jezi kama hizo, basi uwanja ukawa wao. Ujanja wa namna hiyo haugharimu kitu, msiudharau. Mechi ya tatu, Sweden wakatangulia dakika ya 32, Flores akasawazisha kwa kichwa dakika ya 75 kutokana na mpira wa adhabu, na Medford aliyeingia kutoka benchi akamaliza kazi dakika ya 87. Wakati ule unaruhusiwa kubadilisha wawili tu, hivyo kila badiliko lilipimwa.

Lakini katika mechi hiyo ya Sweden, Conejo aliumia. Siku tatu baadaye, Bari, dhidi ya Czechoslovakia, alikaa nje, golini akasimama Hermidio Barrantes. Matokeo 4-1. Tomáš Skuhravý, mshambuliaji mrefu, alifunga matatu, yote kwa kichwa. Msimlaumu Barrantes kwanza. Mtu aliyezoea sauti ya kipa mmoja anajua lini aruke na lini aache. Ukimbadilishia kipa, beki anasita nusu sekunde, na kwenye krosi nusu sekunde ni bao.

Basi kwa kambi ya siku 14, kipa wa pili apewe mechi moja nzima ya kirafiki katika kila mechi tatu. Nasema nzima, yaani na mabeki wale wale wa kwanza. Kosa la makocha wengi ni kumwingiza kipa wa pili pamoja na kikosi cha pili, halafu siku ya siku anakutana na mabeki ambao hajawahi kuwapigia kelele. Na hizo kelele ziwe maneno machache yanayofanana kwa wote. Chagua matano: "Yangu!", "Ondoa!", "Una mtu!", "Panda!", "Shuka!". Vijana wa Ukerewe wakiitana Kikerewe na wa Kwimba Kisukuma wakati kona inakuja, hapo umeshafungwa. Bora alifundisha watu ambao mara nyingi lugha yao hakuwa nayo vizuri, kwa hiyo uwanjani maneno machache yalimtosha.

Kona zenyewe, pangeni hivi. Mna wachezaji 10 ukimtoa kipa. Mmoja nguzo ya karibu. Watatu wakae kwenye mstari wa boksi dogo, wakilinda eneo, hawamfuati mtu. Watatu wawakabe wale warefu watatu wa wapinzani, mwili kwa mwili, wakitazama mtu na mpira kwa pamoja. Wawili ukingoni mwa boksi kubwa kwa mpira unaorudi. Mmoja katikati ya uwanja, mwenye mbio, ili wapinzani walazimike kubakiza mabeki wawili nyuma. Rudieni kona 20 kwa siku, 10 kila upande, siku sita. Kinachoharibika mara nyingi ni wale watatu wa eneo kuanza kumkimbilia mtu; wakitoka kwenye mstari, nafasi ya mita tatu mbele ya kipa inabaki wazi. Na kwa viwanja vya karibu na maji kama Kirumba, kumbukeni upepo wa alasiri unatoka ziwani. Upande mmoja kona inavutwa kwenda golini, upande mwingine inasukumwa nje. Nahodha arushe nyasi hewani kabla ya kuchagua goli.

Kuhusu umbali kati ya mistari. Timu ya muda mfupi isiachane zaidi ya mita 35 kutoka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji. Kuna zoezi la kamba: mabeki wanne, kamba ya manila kiunoni, mita 8 kati ya mtu na mtu, unasogeza mpira kulia na kushoto nao wanasogea pamoja. Dakika 10 zinatosha, na mwendo uwe wa kutembea au kukimbia polepole. Wakikimbia kasi na kamba, mmoja akianguka anawavuta wote na utapeleka mtu hospitali.

Marekani ilikuwa habari nyingine. Hawakuwa na ligi kuu ya kulipwa. Ligi yao ya MLS ilianza 1996. Kwa hiyo shirikisho likawaajiri wachezaji wengi lenyewe na kuwaweka kambini Mission Viejo, California, muda mrefu, wakicheza mechi za kirafiki mfululizo. Walichukua Kombe la Dhahabu 1991, wakaifunga Uingereza 2-0 mwaka 1993. Kambini zoezi lake maarufu lilikuwa tenisi ya mpira wa miguu, na hilo ni rahisi sana kwetu. Chora mstatili wa mita 18 kwa 10, gawa katikati kwa wavu chakavu wa samaki, kimo cha mita moja. Watatu kwa watatu. Mpira udunde mara moja tu, kila mtu miguso isiyozidi miwili, atakayefika pointi 11 ameshinda. Linafundisha mguso wa kwanza na kusoma mpira wa juu bila kuchosha miguu siku moja kabla ya mechi. Uwanja ukiwa wa changarawe, futa kudunda, mpira usiguse chini kabisa, maana utadunda hovyo na vijana watalaumu ardhi. Kwenye nyasi bandia kama za Nyamagana, fanyeni saa moja asubuhi. Saa nane mchana nyasi zile zinawaka kuliko za kawaida, na nyayo zinaungua.

China nitapita haraka. Alikuwa nao tangu mwaka 2000, akawafuzisha kwa kuifunga Oman 1-0 Shenyang, Oktoba 2001, zikiwa zimebaki mechi mbili. Mpaka leo ndiyo mara yao pekee. Japan na Korea Kusini hawakuwepo kwenye mchujo kwa sababu walikuwa wenyeji. Watu husahau kulisema hilo. Fainali zenyewe: 0-2, 0-4, 0-3. Hakuna bao. Mwaka 2009 akaichukua Iraq kwenye Kombe la Mabara: 0-0, 0-1 na Hispania, 0-0. Hakuna bao tena. Hapa ndipo namkosoa Bora, na sioni aibu. Kukaba anaweza kukufundisha, hata kwa haraka. Lakini mfungaji huandaliwa akiwa na miaka 12 na 14, katika viwanja vya shule, na kocha mgeni hata awe nani hawezi kumleta kwenye begi. Hata sisi Watanzania tuliokaa miaka 39 bila kufika Kombe la Mataifa ya Afrika, kutoka Lagos 1980 mpaka Afcon ya 2019 na kocha Emmanuel Amunike, tulipofika Misri tulifunga mabao mawili tu, yote kwenye mechi ya Kenya.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: Nigeria 1998 ilifanya kosa gani? Waliifunga Hispania 3-2 na Bulgaria 1-0, wakawa wa kwanza kwenye kundi kabla ya mechi ya tatu. Dhidi ya Paraguay wengi wakapumzishwa, wakafungwa 3-1. Halafu Denmark, hatua ya 16 bora: bao dakika ya 3, jingine dakika ya 12, mwisho 4-1. Kupumzisha si kosa. Kosa kwenu litakuwa kubadilisha safu nzima ya ulinzi kwa mkupuo. Ukitaka kupumzisha, toa mabeki wasiozidi wawili, na beki wa kati mmoja na kipa wabaki.

Swali jingine, penalti. Robo fainali Monterrey 1986, dakika 120 bila bao. Wajerumani walipiga nne zote zikaingia. Mexico walipiga tatu, Negrete tu ndiye aliyepata. Orodha yenu ya wapigaji isiwe ya watano, iwe ya wanane kwa mpangilio, kwa sababu wawili watakuwa wametolewa na mmoja atakuwa na mkakamao wa misuli. Siku ile Mexico walikuwa wamempoteza Javier Aguirre kwa kadi nyekundu katika dakika za nyongeza.

La mwisho ni kadi za njano. Mwaka 1994 John Harkes, kiungo wa Marekani, alipata ya pili kwenye mechi ya Romania, akakosa mechi ya Brazil. Brazil wakabaki 10 kabla ya mapumziko, Leonardo ametolewa kwa kiwiko, na bado Marekani hawakuwa na mtu wa kuutumia upungufu huo. Bebeto akafunga dakika ya 72. Kwa hiyo meneja wa timu awe na daftari la kadi, jina, mechi na dakika, amsomee kocha usiku wa kuamkia kila mechi. Na msitegemee kamati ya mashindano iwakumbushe. Mkichezesha mwenye adhabu, mpinzani atakata rufaa, na pointi mtanyang'anywa mezani. Haya, chukueni koni na vizibao, kona tunaanzia goli la upande wa ziwa.