Mwalimu wa unasihi asishike fimbo

Wazazi wangu mwangaluka, asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka Mwaloni asubuhi hii na dagaa hawamsubiri mtu, kwa hiyo sizunguki.

Mi ni mnasihi, kazi yangu kukaa na vijana na kuwasikiliza. Nililetewa binti wa fomu tuu kutoka Ukerewe, miezi saba chakula hakipandi, usiku halali, asubuhi haamki, madaftari meupe. Kwanza akaitwa mvivu akachapwa, alafu ikasemwa karogwa akapelekwa kwa mganga, alafu maombi, nauli ya kumvusha mpaka Mwanza ndo ikapatikana mwisho kabisa. Familia siilaumu, ndo njia walizokuwa wanazijua. Ila nilipomuuliza shuleni ulimwambia nani, akanijibu kwa sauti ndogo: mwalimu wa malezi ndo huyohuyo wa nidhamu.

Jamani, hapo ndo nataka tukae. Mtoto anaambiwa ukiwa na shida nenda kwa mwalimu wa malezi na unasihi, na mwalimu huyo saa moja asubuhi kasimama getini anachapa wachelewaji, na mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ndo mchelewaji namba moja maana kwake kuinuka kitandani ni kama kuvuta mtumbwi uliojaa maji. Amweleze nini? Na akieleza, mchana ofisi nzima ya walimu inajua.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu hata ya vitu alivokuwa anavipenda, karibu kila siku, wiki mbili na kuendelea, hiyo si kudeka. Shirika la Afya Duniani linasema katika vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, si wote ni sonona, lakini chukua darasa la watoto 70 upige hesabu mwenyewe.

Na mtoto akitamka habari ya kufa usimwache peke yake, usimfokee, mpeleke hospitali sikuhiyohiyo, Bugando ipo, Sekou Toure ipo. Najua kinachowatia hofu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo watu wanaficha, na mi nasema wazi sheria hiyo inatuumizia watoto.

Zimbabwe mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 kule Mbare, Harare, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja alitafutie njia, wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wale walikuwa watu wazima, ya vijana tutaipanga wenyewe, lakini benchi si kitu cha kutushinda.

Ninachoomba hapa shuleni ni msikilizaji asiyeshika fimbo na asiyepeleka maneno ofisini, sehemu ya kukaa pale chini ya mwembe nyuma ya maktaba, na namba 116 iandikwe kubwa ukutani, ni ya watoto, kupiga ni bure. Mkuu wa shule yupo hapa mbele, mwenyekiti wa bodi yupo, na fundi seremala nimemwona kule nyuma. Mbao tunachangishana saa hizi kabla hatujatawanyika.