Parki Inayofutwa kwa Kalamu

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa sheria na wa kilimo. Umeandikwa karibu kama ulivyosemwa.)

Jambo yenu, baba na mama. Vijana mliokosa viti, sogeeni hapa mbele, sitawauma.

Nimeombwa niseme juu ya serikali zinazofunga ardhi leo ili ilindwe, kisha kesho zinaifungua. Najua wengi mnangoja Upemba, parki yetu ya taifa hapa Katanga. Tutafika. Lakini naanzia Marekani, maana hapa petu tumezoea kudhani kwamba kula mipaka ya parki ni ugonjwa wa nchi maskini.

Katika jimbo la Utah kuna nyanda za mawe mekundu ziitwazo Bears Ears. Zimejaa nyumba za kale, makaburi na michoro ya miambani, na makabila matano ya wenyeji, wakiwemo Wanavajo, Wahopi na Wazuni, yaliungana kuomba zilindwe. Ipo sheria ya mwaka 1906 inayompa rais wa Marekani uwezo wa kuhifadhi mahali kama hapo ndani ya ardhi ya taifa bila kupitia bungeni. Mwishoni mwa Disemba 2016 Obama aliitumia, akalinda karibu kilomita za mraba 5,500. Mwaka haujatimia, Disemba 2017, Trump akakata asilimia 85. Oktoba 2021 Biden akarudisha. Na Mei 2025 wanasheria wa wizara ya sheria wakaandika kwamba rais anaweza hata kulifuta eneo kama hilo lote, wakautupa msimamo wa wizara hiyohiyo wa mwaka 1938.

Wanafunzi wa sheria, nataka mtazame muda wa katikati. Tangu Februari 2018 hadi Oktoba 2021, ardhi iliyotolewa ilikuwa wazi kwa watafuta madini. Walioweka vigingi vya kudai sehemu ya kuchimba walikuwa wachache, nisitie chumvi. Lakini haki halali iliyopatikana mlango ukiwa wazi haiondolewi na tangazo linalokuja nyuma. Rais mpya hurudisha mpaka kwenye ramani, na mwenye kigingi anabaki ndani.

Jambo jingine litawashangaza. Hapa kwetu, tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2018, kobalti iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati inalipiwa mrabaha, yaani fungu la serikali, wa asilimia 10. Kule, anayechimba dhahabu, shaba au urani katika ardhi ya umma chini ya sheria yao ya mwaka 1872 halipi serikali kuu mrabaha wowote. Ndiyo, 1872. Kwa hiyo msiniambie wanafungua ardhi ili kujaza hazina ya taifa.

Mwaka 2025 uliongeza mengine kule Marekani. Mwezi wa Februari wafanyakazi wapatao 1,000 wa hifadhi za taifa waliachishwa kazi ndani ya siku chache, na wengi zaidi katika idara ya misitu, ingawa mahakama baadaye iliwarudisha baadhi. Juni waziri wa kilimo akatangaza kuwa atafuta kanuni ya mwaka 2001 inayokataza kupasua barabara katika misitu ya taifa yenye kilomita za mraba kama 237,000. Hiyo inakaribia nusu ya Katanga yetu ya zamani. Barabara ndiyo ya kuogopa: gari likishapita, msumeno haukawii.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Maana yake kila msitu ni ardhi ya umma, na anayeweka sahihi ana mkono mrefu kuliko yule wa Washington. Upemba ilipoundwa mwaka 1939 ilikuwa na kilomita za mraba zaidi ya 17,000. Parki yenyewe leo ni kama 10,000. Punda milia wa mwisho wa nchi hii wako humo. Sheria ya mwaka 2014 ya kuhifadhi mazingira ilikuja na maneno mazuri, wino haujakauka ikafuata sheria ya mafuta ya mwaka 2015, inayoruhusu eneo lililolindwa liondolewe ulinzi likihitajika kwa mafuta. Julai 2022 vitalu 27 vya mafuta vikapigwa mnada Kinshasa, vingine vikiingia ndani ya parki ya Virunga. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu 52. Mnaona mwendo ni uleule wa Utah, fungua, funga, fungua.

Na amri ya kufunga nayo isitulaze usingizi. Shinkolobwe mnaijua, urani yake ilikwenda Hiroshima. Januari 2004 amri ya rais ilifunga mgodi ule. Julai mwaka huohuo udongo ukaporomoka, ukaua watu waliokuwa bado wanachimba. Karatasi ilikuwepo, mlinzi hakuwepo. Ndiyo maana habari za wale 1,000 walioachishwa kazi zilinigusa kuliko hotuba zote.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza: na makala, yaani mkaa, je? Mama, ni kweli. Asubuhi simama kwenye barabara ya Kasenga uone baiskeli zinavyoingia mjini, magunia yamefungwa kwa kamba za mipira, mwenyewe anasukuma kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fito nyuma. Miombo inaisha, na vinkubala, wale viwavi tunaokula, vinazidi kwenda mbali. Lakini yule hana sahihi ya kumpa mtu. Kumkamata yeye ni rahisi, ndiyo maana anakamatwa.

Mwenye sahihi anaacha alama. Kadasta ya Madini, ofisi inayoandikisha vibali vya madini, inagawa nchi kwa miraba, kila mmoja karibu hekta 85, na kibali kimoja cha utafiti kinaweza kufika kilomita za mraba 400. Ramani yake iko kwenye intaneti. Kazi ninayowapa wa sheria ni hii: ichukueni, muiweke juu ya ramani ya Upemba na ya parki ya Kundelungu, muandike namba ya kila kibali kinachogusa mpaka na tarehe kilipotolewa. Wa kilimo, nendeni na simu yenye GPS mkaone kwenye udongo pakoje.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: kama Wamarekani wameshindwa, sisi nani? Nani kasema wameshindwa? Juni 2025 seneta mmoja wa Utah alitaka ardhi ya umma iuzwe kupitia sheria ya bajeti. Wawindaji na wavuvi, wengi wao wapiga kura wa chama chake, walipiga kelele hadi akaliondoa pendekezo. Na Virunga, kampuni ya Uingereza SOCO iliyokuwa ikitafuta mafuta Ziwa Edward ilikubali kusimama Juni 2014, baada ya wavuvi wa huko na mashirika ya nje kuikalia kooni. Wapo waliopigwa na kufungwa kwa ajili hiyo, sitawaficha.

Haya, maswali mengine. Tuanzie kule nyuma, yule dada mwenye kitambaa cha kijani.