Nimelala, na Bado Nimechoka

Dakika nilizopewa ni chache kwa hiyo salamu ndefu naziruka. Ugonjwa wangu wengi hapa mnaujua, mielofibrosisi, uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unageuka makovu na damu haitengenezwi inavyotakiwa, na hauendi nyuma huu, unaenda mbele tu. Haya, tuongee uchovu.

Namuona mmoja kule nyuma anacheka, anawaza "huyu naye na uchovu wake kila tukikutana". Ndiyo, na nitaurudia mpaka watu waache kuniambia "lala upumzike". Nimelala! Nalala usiku kucha naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kwa sababu shida sio usingizi, shida ni damu ya kubeba oksijeni haitoshi, halafu bandama imevimba kwa kujaribu kufanya kazi ya uboho, imelibana tumbo, vijiko viwili vya chakula nimeshiba, usiku jasho mpaka shuka linabadilishwa. Hapo unapumzika saa ngapi?

Kuna ndugu yangu, mtu mwema kabisa, alinikuta nimekaa kitandani nina soksi mguu mmoja. Akauliza nyingine iko wapi. Hii hapa mkononi, nikamwambia, napumzika kwanza ndo nivae ya pili. Tukacheka weee, halafu akakaa akaanza kunieleza faida za mazoezi ya asubuhi! Huyo mtu ameona soksi kwa macho yake.

Mtasema si uongezewe damu. Naongezewa. Ila kila uniti inakuja na miligramu 200 mpaka 250 za madini ya chuma na mwili hauna njia ya kuyatoa, yanajazana kwenye ini na moyo, kwa hiyo unafurahia damu huku unahesabu deni. Na dawa zipo, badiliko la jeni ya JAK2 linalohusika na ugonjwa huu liligunduliwa 2005, mwaka 2011 Marekani wakaidhinisha dawa ya ruxolitinib, mimi naimeza na bandama ilinywea, jasho likapungua, sio kidogo hiyo. Lakini dawa hiyohiyo inaweza kupunguza damu mwilini, na makovu haiyafuti. Cha kuponya ni kupandikizwa uboho, nako kunaweza kuua, kwa hali yangu madaktari walisema hapana, basi.

Naonyeshwa saa. Tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, haraka haraka: sio chumba cha kufia! Utafiti wa 2010 kule Marekani, wagonjwa walioanzishiwa mapema waliishi vizuri zaidi na hata muda mrefu zaidi. Ilikuwa saratani ya mapafu, najua, msininyooshee vidole. Ila sisi wa damu ndo tunapelekwa tukiwa hoi, maana daima kuna uniti nyingine ya kuongeza au dawa nyingine ya kujaribu. Iombeni mapema, wakati bado una pumzi ya kusema hili nataka na hili sitaki.

Maneno ya kufunga nilikuwa nayo kwenye karatasi, muda wake umeliwa na hadithi ya soksi. Maswali? Anayetaka kuniuliza kama nimeshajaribu juisi ya majani fulani, naomba akae.