Simu Ilichemka, Ikazima, Haiwaki Tena: Anza na Mahali Penye Joto

Ndugu mtazamaji, karibu mezani. Simu iliyo mbele ya kamera ni Android ya kawaida, zile za betri ya ndani. Ilichemka, ikazima yenyewe, na sasa ukibonyeza kitufe cha kuwashia imenyamaza kimya. Usikimbilie chaja. Iguse kwanza mgongoni. Simu iliyozima na kukaa kwa muda inatakiwa iwe na joto la chumba tu. Ikiwa imezima kitambo na bado inachemka, kuna umeme unaopita mahali usipotakiwa kupita, na pale penye moto ndipo penye ugonjwa.

Pitisha kidole gumba polepole kutoka juu hadi chini. Kwenye simu nyingi, juu karibu na kamera ndipo ilipo bodi kuu yenye prosesa na IC ya pawa, chipu inayogawa umeme wa simu. Katikati ni betri. Chini, karibu na tundu la chaji, kuna bodi ndogo ya chaji. Andika ulipokuta joto, tutarudi hapo.

Sasa usalama. Chomoa chaja, vua kava, laza simu juu ya kigae au sinia la chuma, mbali na godoro na pazia. Inama uitazame kwa usawa wa jicho. Mfuniko wa nyuma umenyanyuka? Kioo kimeachana na fremu? Simu inabembea ukiigusa pembeni, tofauti na zamani? Kuna harufu tamu kama ya rangi ya kucha? Hata moja ya dalili hizo inatosha: betri imevimba au imevuja. Usiichaji tena, hata dakika tano, na usiikandamize ili irudi chini. Kuna mtindo wa kutoboa betri kwa sindano "itoe hewa". Gesi hiyo inashika moto, na sindano ikiunganisha tabaka za ndani, betri inalipuka mkononi. Mwaka 2016 Samsung walilazimika kuiondoa sokoni Galaxy Note 7 yote, na chanzo kilikuwa hicho hicho, tabaka za ndani ya betri kugusana. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu kabla hujaanza kufungua.

Kama haijavimba, iache kivulini mbele ya feni kwa dakika 30. Usiitie kwenye friji. Kwa hewa ya Dar, Mombasa au Unguja, ukiitoa kwenye baridi inaota jasho ndani, na hapo umeongeza ugonjwa wa maji juu ya ugonjwa wa joto. Kuna simu ambazo dawa yao inaishia hapa: ilikuwa imefungwa kwenye usukani wa bodaboda au imeachwa kwenye dashibodi juani, ikajizima kujilinda. Apple, kwa mfano, wanataka iPhone itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35 tu, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita hapo upesi sana.

Imepoa. Hakikisha kwamba kweli imezima, maana kuna kioo kufa na kuna simu kufa. Ipigie kutoka namba nyingine. Ikiita au ikitetemeka, tatizo ni kioo au waya wake. Kama haijibu, ilazimishe kujiwasha upya. Samsung: shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia kwa sekunde 20. Android nyingine nyingi: kitufe cha kuwashia peke yake, sekunde 15 hadi 30. iPhone 8 na za baada yake: bonyeza na kuachia kuongeza sauti, bonyeza na kuachia kupunguza sauti, kisha shikilia kitufe cha ubavuni hadi tufaha litokee.

Bado? Sasa ndiyo tunaleta chaja, lakini kupitia mita ya USB, kile kidude kidogo kinachoonyesha volti na ampea. Ni cha bei ndogo na kinakuokoa kubahatisha. Safisha tundu la chaji kwanza kwa kijiti cha mti, usitumie sindano. Chomeka, usome.

Ikionyesha volti 5 na ampea 0.00, umeme hauingii kabisa. Badilisha waya, kisha shuku tundu la chaji na bodi ndogo ya chini. Ikionyesha ampea 0.05 hadi 0.1, usiikatie tamaa: betri iliyoshuka sana hulishwa kidogo kidogo mwanzoni. Ipe dakika 30, namba ikipanda simu itawaka. Ikivuta ampea nyingi huku kioo ni cheusi na sehemu moja ya mgongo inapata moto, chomoa papo hapo. Hiyo ni shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato, na kila dakika ya chaji inaiunguza zaidi.

Tunafungua. Pasha kingo za mfuniko kwa nyuzi 70 hadi 80, ingiza kadi ya plastiki, zunguka taratibu. Usitumie bisibisi, hasa upande wa betri. Kazi ya kwanza ukishafungua ni kuchomoa konekta ya betri, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Weka multimita kwenye volti za DC, pima chanya na hasi ya betri. Kati ya 3.7 na 4.4, betri ina umeme, na huenda kosa liko kwenye bodi. Kati ya 3.0 na 3.6 imeishiwa tu. Ikisoma 0, huenda bodi ndogo ya ulinzi iliyo kichwani mwa betri ndiyo iliyokata. Ikiwa imeshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo siku nyingi, nunua nyingine. Kuiboosti, yaani kuisukumia umeme moja kwa moja kwa chaja ya mezani, kutaipandisha volti, lakini shaba ya ndani imeshayeyuka na itajenga shoti siku ya kuichaji. Mteja atarudi na simu iliyovimba.

Pima pia pini ya joto. Betri nyingi zina kipima joto chenye ukinzani wa karibu kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, na namba hushuka joto likipanda. Mita ikionyesha kwamba waya umekatika, simu itakataa kuchaji hata kama betri ni mpya. Mafundi wengi hukiruka kipimo hiki, kisha wanabadilisha IC ya chaji isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye bodi, na hapa ndipo pa kutuliza mkono. Geuza multimita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu uguse graundi, yaani bati au tundu la skrubu, na mweusi uguse pini ya chanya kwenye konekta ya betri upande wa bodi. Laini, yaani njia ya umeme, isiyo na kosa husoma milivolti mia kadhaa, mara nyingi 300 hadi 600. Ukisoma 0, au namba iliyo karibu na 0, laini kuu imepiga shoti.

Usishike bloa, mashine ya hewa moto, bado. Chomoa fleksi, zile waya bapa, moja moja: kioo, bodi ya chaji, kamera, vitufe. Baada ya kila moja, pima tena. Namba ikirudi juu baada ya kuchomoa bodi ya chini, umemaliza kazi, kwa sababu maji au jasho yamekula pale, na bodi hiyo inauzwa peke yake.

Shoti ikibaki bodi ikiwa tupu, leta pawa saplai, ile mashine ya mezani unayoipangia volti na ukomo wa ampea. Iweke volti 1, ukomo ampea 2. Hasi kwenye graundi, chanya kwenye laini yenye shoti. Kuanza na volti 4 ni kosa: shoti ikifunguka ghafla, au ukiwa umekosea laini, umeme huo unaingia kwenye prosesa ambayo laini zake hutumia karibu volti 1 tu. Kabla ya kuwasha, yeyusha rozini, ule utomvu mkavu wa kulehemea, kwa ncha ya pasi ya kulehemu na uache moshi wake ulale juu ya bodi kama ukungu mweupe. Washa. Hesabu hadi kumi. Angalia hapa, karibu na IC ya pawa: doa moja limeyeyuka na kuwa angavu, kwingine bado ni kweupe. Huyo ndiye mla umeme. Usipoona kitu, panda hadi volti 2, kisha 3, usipite 4 kwenye laini ya betri. Huna rozini? Dondosha alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, utazame inapokauka kwanza.

Mara nyingi utakuta kapasita, ile chembe ya kahawia ndogo kuliko punje ya mchele, mguu mmoja kwenye laini na mwingine graundi. Kazi yake ni kutuliza umeme, na joto au mshtuko wa kuanguka huipasua ndani bila alama nje. Funika jirani zake kwa tepu ya kuhimili joto, tia fluksi (dawa ya kusaidia risasi iyeyuke vizuri), bloa nyuzi 350, upepo mdogo, ikamate kwa kibano ikilegea. Pima tena. Ikiwa namba imerudi, shoti imeondoka. Simu huweza kuwaka bila kapasita hiyo moja kwa kuwa nyingine ziko sambamba nayo, lakini rudisha ya ukubwa uleule kutoka bodi mbovu ya modeli hiyo. Iliyo katikati ya njia ya mawimbi, bila mguu wa graundi, usiing'oe ukaacha pengo, utapoteza mtandao au sauti. Kama kinachochemka ni IC ya pawa yenyewe, mpe fundi mwenye stensili, bati la matundu la kupangia risasi, na mkono mzoefu. Kuing'oa ni rahisi, kuirudisha ndiyo shughuli.

Na kama hakuna shoti tangu mwanzo? Lisha bodi kupitia konekta ya betri: volti 4, ukomo ampea 3, kwa waya maalumu wa modeli hiyo, maana simu nyingine hazikubali kuwaka bila pini ya taarifa. Kabla ya kubonyeza kitufe, kipimo cha ampea cha pawa saplai kisisogee. Ikisoma hata miliampea 100 wakati simu imezima, kuna uvujaji, rudi kwenye rozini. Bonyeza. Namba ikicheza juu na chini, simu inawaka, tafuta kioo. Ikibaki 0, kitufe au fleksi yake imekatika. Ikipanda kidogo, tuseme miliampea 60 au 80, ikaganda hapo, mara nyingi ni programu au miguu ya prosesa na RAM, zile nukta za risasi chini yake, iliyoachia kwa joto. Jaribu kuflashi kwanza, yaani kuingiza upya programu ya simu. Simu inayowaka ikiwa baridi na kuzima ikipata joto, hiyo mara nyingi ni miguu, na kuflashi ni kupoteza bando.

Ikishawaka, usifunge mfuniko haraka. Chaji kwa dakika 20 mgongo ukiwa wazi, gusa maeneo matatu tuliyoyagusa mwanzo, soma mita ya USB, kisha izime na upime tena laini ya betri. Betri ya zamani ziba pini zake kwa selotepu, iweke kwenye kopo la mchanga, na isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto.